Palipoungua Pasi

Fundi magari mstaafu huchagua mbao kama mtu anayechagua tikiti sokoni: anagonga kwa kifundo cha kidole, anatega sikio, kisha anaguna. Binti yake alikuwa amemzungusha maduka yote wakitafuta uso mpya wa benchi la gereji ya nyumbani. Bati la chuma alilikataa. “Lina kelele, na skrubu haitulii juu yake.” Plaiwudi nayo, “Ikinywa oili mara moja tu, inavimba kama shavu lenye jino bovu.” Binti akamrudisha nyumbani; baba yake haambiliki. Jioni akamkuta ameing’oa miguu meza ya kupigia pasi ya marehemu mama, ule ubao mnene wenye alama nyeusi ya pasi, naye anaupigilia juu ya benchi. “Huu umeungua na haukupinda,” alisema, kwa sauti ileile ya dukani. Siku hizi umejaa nati, koleo na makopo ya grisi. Ila binti alipoweka spana juu ya ile alama, vidole vya baba, vyeusi kwa oili, viliiondoa spana hiyo taratibu.

“Hapo mwachie mama yako,” akasema. “Huwa anaweka pasi.”