Honi ya Trela kwenye Gari la Mayai

Fyuzi ambayo haijaungua huenda wapi? Fundi wa umeme wa magari aliniuliza swali hilo Malaba mpakani, kando ya foleni ya matrela, akiwa ameinamia gari la baba. Mimi nilikuwa na shahada, tena ya daraja la kwanza, na jibu sikuwa nalo.

Siku hizo nilikuwa nimerudi nyumbani, karibu na Bumala, kungoja kazi. Kila Jumanne na Ijumaa nilipakia trei za mayai ya kuku wa mama kwenye gari hilo dogo na kuyapeleka kwenye vibanda vya chakula Malaba. Mimi nilijiita mjasiriamali. Mama aliniita mtu wa mayai.

Gari lilikuwa halina honi kwa karibu miezi miwili. Kabla ya hapo, honi ilikuwa na kazi moja tu: kumwita mama. Baba, mwalimu mkuu mstaafu, alishinda sokoni akisoma gazeti na wazee wenzake. Saa kumi na mbili jioni alisimamisha gari nje ya geti letu na kupiga honi mara tatu, mbili fupi na moja ndefu. Mama aliacha chochote alichoshika, akashuka ngazi tatu za jikoni na goti lake bovu, akavuka ua, akainua chuma cha komeo kwa mikono miwili. Baba alipita akitazama mbele, kama mtu anayekagua gwaride. Nilimuuliza mara nyingi kwa nini asishuke afungue mwenyewe.

"Mwenye boma hufunguliwa," alijibu.

Mimi sikufungua. Ulikuwa msimamo wangu dhidi ya mfumo mzima wa mageti. Msimamo huo haukunigharimu hatua hata moja. Hatua zote zilikuwa za mama.

Kisha honi ikanyamaza, na baba akaanza kushuka. Alifungua geti mwenyewe kila jioni huku akilalamika kwa sauti ambayo majirani wangesikia: "Honi imekufa, sasa nitafanyaje?" Mama alibaki jikoni, mguu umenyooshwa juu ya kigoda. Nilitazama nikaona haki imetendeka bila maandamano.

Lakini Malaba, gari lisilo na honi halihesabiwi kuwa gari. Ijumaa moja trela lililokuwa mbele yangu lilianza kurudi nyuma. Nilibonyeza usukani, kimya. Nikatoa kichwa dirishani nikapiga kelele hadi sauti ikakauka. Trela lilisimama lilipogusa boneti, na trei mbili za mayai zikaanguka kutoka kwenye kiti. Dereva alishuka polepole, akatazama uharibifu, akanitazama mimi.

"Dada, si ungepiga honi?"

"Haifanyi kazi."

"Sasa hilo ni gari ama ni mkokoteni?"

Jioni hiyo nilimwambia baba tutengeneze honi.

"Achana na honi," alisema bila kuinua macho kutoka kwenye gazeti. "Gari linatembea ama halitembei?"

"Nimeponea chupuchupu, baba."

"Basi usiwe karibu na matrela."

Kuuza mayai Malaba bila kuwa karibu na matrela ni sawa na kuogelea bila kuwa karibu na maji. Nilimgeukia mama anisaidie. Alikuwa akichambua maharagwe. "Msikize baba yako," alisema, na hilo lilinishangaza kuliko jibu la baba mwenyewe. Niliamua kwamba mmoja ni bahili na mwingine amezoea kuonewa, nikaenda zangu Busia kununua honi.

Mwenye duka la spea alinisikiliza kwa makini kabisa.

"Honi ikinyamaza imekufa, dada. Hata mtu akinyamaza kabisa, si mnazika?"

Mimi niliyewahi kubishana na mhadhiri kipindi kizima kuhusu maana ya ushahidi, nilitikisa kichwa kukubali. Akaniuzia honi mbili nyekundu za umbo la konokono, zinazofungwa kwenye malori, kwa sababu, alivyosema, msichana mzuri hafai kupuuzwa barabarani. Nilizifunga mwenyewe nikifuata video ya simuni, mzee mmoja Mhindi akieleza kwa lugha nisiyoijua. Nikabonyeza. Kimya.

Ndipo nikafika kwa yule fundi wa Malaba. Alitazama konokono zangu, kisha akachukua honi ya zamani kutoka kwenye buti.

"Nani alikwambia hii imekufa?"

"Aliyeniuzia hizi."

Alicheka mpaka akaweka spana chini. Halafu akashika nyaya mbili, akaiunganisha honi ya zamani moja kwa moja na betri. Ikalia vizuri kabisa, na dereva mmoja kwenye foleni akaijibu. "Huyu mzee ni mzima," fundi alisema. Akazijaribu konokono. Kuku waliokuwa juu ya matatu moja walianza kupigana, na mwanamke aliyekuwa akikaanga chapati akauliza kama mpaka umefungwa.

Mwishowe alifungua kisanduku cha fyuzi na kuniita.

"Ona. Pa honi ni patupu."

"Imeungua?"

"Ikiungua inabaki hapo hapo na weusi wake. Hii imetolewa. Tena imetolewa kwa adabu, hata plastiki haina mkwaruzo." Akanikazia macho. "Sasa dada, fyuzi haijaungua, inaenda wapi?"

Aliweka nyingine kutoka kwenye kopo lake na kila kitu kikalia. Akashauri nirudishe ile honi ya zamani. Nikakataa, nilikuwa nimeshanunua.

Njiani nilipata jibu, na nililipenda sana. Ni mama. Nani mwingine aliyenufaika? Nilimwona akilini akinyemelea boneti baba akiwa anaoga, mwanamke wa kimya aliyeuzima mfumo kwa vidole viwili. Nilifika nyumbani nikiwa na fahari. Baba alikuwa barazani na wazee wawili, na mimi, ili waone thamani ya elimu, nikasimama nje ya geti na kupiga: mbili fupi, moja ndefu.

Mama alitoka jikoni mikono ina unga, akishuka ngazi upandeupande. Hakuuliza nani amepiga.

"Mwalimu, honi imefufuka," mzee mmoja alisema. "Sasa umepona kushukashuka."

Baba alinitazama kwa muda mrefu. "Eeh," alisema. "Imefufuka."

Mama alipoinua komeo nilimnong'oneza, "Ulikuwa umeificha wapi?"

"Nini?"

"Fyuzi."

"Mimi nijue fyuzi ni nini?" Nikamkonyezea jicho. Hakukonyeza.

Kesho yake saa kumi na mbili konokono zililia getini kwa sauti ya trela zima. Nilikimbia kumwambia baba ashuke, kwamba honi niliitengeneza kwa ajili ya barabarani, si ya geti.

"Nishuke na honi iko?" alisema. "Watu watasema nini?"

Mama alikuwa tayari katikati ya ua. Siku hiyo nilifungua mimi, na siku kadhaa zilizofuata, hadi nilipopata kazi mbali na nikaondoka.

Kwa miaka niliwasimulia marafiki hadithi ya mama mwasi, nikimpa sifa ya uasi ambao hakuufanya. Gari liliuzwa macho ya baba yalipofifia. Siku lilipoondoka, mama aliniambia, bila mimi kuuliza, kwamba honi ilinyamaza siku ile alipoteleza kwenye ngazi akikimbilia geti. Kwamba baba aliingia jikoni jioni hiyo akamwambia honi imekufa, asijisumbue tena kutoka. Na kwamba alipokuwa akisema hivyo, fyuzi alikuwa ameishika mkononi.