Waya wa Redio na Mashuka ya Jumamosi

Mimi shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mkiona maneno yangu yanatangatanga kama mbuzi aliyekata kamba, vumilieni, jioni atarudi zizini mwenyewe. Nataka kueleza habari za mashindano ya redio, na za ule waya ambao mke wangu alitaka kuufanya kamba ya nguo.

Redio yenyewe si ile ya kusikilizia mpira na matangazo ya vifo. Hii unasikiliza na kujibu. Niliijua zamani zile za makambi ya wakimbizi hapa Ngara, nilipopata kibarua cha kuchimba mashimo ya milingoti ya redio yao. Fundi mmoja alichoshwa na maswali yangu, akanikalisha kando yake ili ninyamaze. Sikunyamaza. Miaka mingi baadaye rafiki yangu wa Biharamulo, mwalimu mstaafu, alinisomesha mpaka nikafanya mtihani na kupata kibali cha serikali. Redio yangu ni kuukuu, aliniachia yeye aliponunua nyingine. Naiendesha kwa betri ya gari na sola. Waya wa kurushia sauti, yaani antena, umefungwa juu kwenye mikaratusi miwili, nyuma ya migomba ya mke wangu.

Mashindano huwa Jumamosi na Jumapili. Mtu anaita, unamjibu, unampa namba yako, anakupa yake, basi, mwingine. Anayewapata watu wengi wa nchi nyingi ndiye mshindi. Hakuna kuulizana hali, na hilo ndilo lilinishinda. Mimi nimelelewa huku Mabawe, ambako mtu hakuombi hata kiberiti kabla hajauliza umeamkaje, wagonjwa wanaendeleaje, ng'ombe amezaa nini. Siku ya kwanza nilimwuliza Mrusi mmoja, kwa Kiingereza changu cha kuokoteza, kama mvua imenyesha kwao. Alinyamaza. Nyuma yake foleni ya waliotaka kumjibu ilikuwa inapiga kelele kama kuku waliosikia mahindi yakimwagwa.

Sasa nirudi kwenye waya. Ijumaa mke wangu alisimama mlangoni, ungo mkononi.

"Mzee, yule uliyekuwa unampigia makelele yuko wapi?"

"Japani, mama watoto."

"Na Burundi umempata nani?"

"Burundi sijawahi kupata mtu."

"Japani wanakusikia! Burundi, ambako moshi wa majiko yao tunauona asubuhi, hawakusikii!" Alicheka mpaka ungo ukatikisika. "Huo waya haujui njia. Dada yangu kaolewa Gitega, hata salamu yake haujawahi kuleta. Basi sikiliza. Ukimpata Mrundi kwenye mashindano haya, waya wako ukae mpaka utuzike. Usipompata, Jumatatu naushusha nianikie nguo."

Nami nilicheka, ila kwa mdomo tu. Namjua. Mwanamke huyu hatishi bure. Jogoo aliyemwambia atamchinja Pasaka alichinjwa Pasaka. Na miguu yangu siku hizi haifiki Bukiriro bila kupumzika njiani mara mbili tatu. Waya ule ndiyo miguu niliyobaki nayo.

Jumamosi asubuhi nikaanza. Wataliano, Wahindi, mtu mmoja wa Brazili mwenye sauti ya kuimba. Nilifurahi, lakini kila nikihamia masafa ya karibu, kimya. Rafiki yangu wa Biharamulo aliwahi kuniambia antena ni kama mnara wa kanisa, kadiri inavyokwenda juu ndivyo inavyosikika. Nikawaza kuongeza mlingoti.

Kabla sijaongeza, jirani akabisha hodi. Lubisi yake, pombe ya ndizi, ilikuwa imeiva, naye hawezi kuufungua mtungi bila mimi kuonja. Huko Ulaya nasikia mtu wa mashindano hata chooni anakwenda mbio. Mimi ningemwambia nini jirani? Kwamba nina shughuli na Wataliano? Niliacha redio inanguruma peke yake, nikaenda. Lubisi ilikuwa nzuri. Nikaonja tena kuhakikisha.

Niliporudi, waya wangu ulikuwa chini, usawa wa kifua, umejaa mashuka, vitenge, na shati langu la misa.

"Mama! Leo si Jumatatu!"

"Kamba yangu imekatika. Unataka kesho uende kanisani na shati la juzi? Nimelegeza tu zile kamba zako, sijakata kitu."

Nilifungua mdomo nigombe. Hapo ndipo nikasikia kutoka ndani mtu anaita, karibu kabisa, kama yuko jikoni kwetu. Kifaransa, kisha Kiingereza, na mwisho wa sauti ile nchi yake: Burundi.

"Toa mashuka!" nikapiga kelele.

"Hayajakauka!"

"Toa! Ni Mrundi!"

Sijawahi kumwona akikimbia hivyo tangu nyuki walipoingia stoo. Alikusanya nguo zote kifuani, matone yakimtiririka, nami nikakaa, nikaita. Akajibu. Nikampa namba, akanipa yake. Yuko wapi? Gitega!

Mke wangu alikuwa dirishani na mzigo wake. "Mwulize kama mvua imenyesha!"

"Mama, haya ni mashindano."

"Mwulize!"

Nikauliza, kwa Kihangaza, lugha yetu ya huku. Nikasubiri kimya kile cha Mrusi. Yule bwana akaangua kicheko, akajibu kwa Kirundi, ambacho sisi tunakisikia kama cha nyumbani: imenyesha vizuri, maharage yametoa maua. Akauliza na ya kwetu. Foleni ilimlilia, akaiacha ilie.

Jioni nilimpigia simu mwalimu wangu wa Biharamulo. Akasema kumbe waya ukiwa chini hurusha sauti moja kwa moja juu, nayo hudondoka papo hapo jirani. Ukiwa juu, sauti huruka na kuwapita majirani wote. Alikuwa ameusahau kabisa mnara wake wa kanisa. Sikumkumbusha.

Waya upo mpaka leo, tena una kapi, kigurudumu cha kupitishia kamba, kwenye kila mti. Napandisha kwa Japani, nashusha kwa Gitega. Jumamosi ya kufua ukishuka, mke wangu huwa ameshasimama na beseni.

"Maliza na Warundi wako, mzee," husema. "Na dada yangu usimsahau."