Mpira wa Nyeri Ukifika Pwani

Watu huniuliza niliingiaje kwenye tenisi, wakitarajia niwasimulie habari za kipaji. Kipaji gani? Baba yangu alikuwa mtunza viwanja katika klabu moja mjini Nyeri, na baada ya Uhuru wazungu wengi wa mashamba ya Mweiga na Timau waliuza wakaondoka. Siku za kazi viwanja vilibaki vitupu. Baba aliendelea kuvimwagia maji na kuvisawazisha kwa lile gurudumu zito la chuma kana kwamba kuna mtu anakuja kucheza, na mimi nikawa huyo mtu.

Tenisi haichezwi peke yako, kwa hiyo nikamwita msichana niliyesoma naye, binti wa fundi cherehani wa Majengo. Baba yake alikubali kwa sharti la suruali ndefu chini ya sketi. Aliishona mwenyewe, akaitia mfuko mkubwa wa kuwekea mipira. Tukawa tunacheza wawili wawili na yeyote aliyepatikana: makarani, walimu, wake za wanajeshi kule Nanyuki, wageni wa hoteli. Yeye alikuwa na mpira wa kuanzia mkali ajabu. Mimi nilisimama karibu na wavu nikamalizia kilichorudi. Nilisifiwa mimi, maana anayemaliza ndiye anayeonekana.

Huku kwetu juu hewa ni nyepesi, na mpira ukipigwa hautaki kutua. Usipoubana utaenda kuuokota kwenye ua wa michongoma. Basi tukajifunza kuubana, kuupiga ukipita karibu sana na wavu ili uwahi kushuka. Mikono ilizoea hata tukasahau kwamba tunaubana.

Tulipoalikwa kucheza Mombasa tulikuwa tumeshapita umri wa miaka ishirini. Jioni kabla ya safari mwenzangu aliwahi kwao kufunga mizigo, nami nikabaki nikimsaidia Baba kukunja wavu.

“Huko chini hewa ni nzito,” akaniambia. “Mpira utaanguka mapema. Upandishe. Na umwambie mwenzako.”

Nilisahau. Hilo ni kweli, na ningependa mambo yangeishia hapo.

Mombasa tulimkuta bwana mmoja mgeni aliyekuwa akikusanya wanawake wa kwenda kucheza Ulaya kwa malipo. Asubuhi ya mchezo, tukiwa kwenye chai, alisema wazi kwamba nafasi ni moja, au mbili kama wote wawili tutampendeza. Mwenzangu akanifinya chini ya meza. Sisi tulikuwa tumeshakata shauri siku nyingi: ikitokea nafasi yoyote, tunaenda wote, au tunabaki wote.

Mwenzangu ndiye aliyeanza, na mpira wake wa kwanza uliishia wavuni. Wa pili pia. Aliporudia na tukapoteza tena, maneno ya Baba yakanijia yote, neno kwa neno, na sauti yake. Zamu yangu ilipofika niliupandisha mpira kiasi cha kiganja hivi, ukatua barabara. Yule bwana akaandika kitu.

Tulipobadilisha upande mwenzangu aliniuliza, “Leo nina nini mimi?”

Sentensi moja tu ingetosha. Nikamwambia atulie, asiwe na wasiwasi. Nikajitia hamnazo hadi mwisho wa mchezo, yeye akizidi kuubana mpira kwa hofu, na mpira ukizidi kumkatalia. Baadaye yule bwana aliniuliza kama mwenzangu huwa hivyo siku zote. Nikajibu kwamba siku nyingine huwa hivyo.

Nilikwenda peke yangu. Yeye alinisindikiza hadi stesheni, akanipa ile suruali yenye mfuko. Nilicheza Ulaya miaka kumi na moja, na wenzi wanne, wote wanawake wazuri. Nilishinda vikombe vya kutosha kujaza kabati, nikaumia goti, nikarudi nyumbani. Sikujuta kila siku, nisiwadanganye. Kuna miezi mizima sikumkumbuka. Lakini kila mwenzangu mpya alipogonga wavu, nilimgeukia nikamwambia upesi kosa liko wapi, hata wakaniona mjuaji.

Niliporudi Nyeri, yeye alikuwa ameshika cherehani ya baba yake. Alikuja kunisalimu na watoto wawili na sahani ya mahamri. Tulikaa kibarazani na Baba, ambaye sasa alikuwa mzee na msemaji kuliko zamani. Akaanza kusifu safari zangu, halafu akamgeukia mgeni.

“Lakini wewe ndiye ulikuwa na mkono,” akasema. “Kwani siku ile ya Mombasa hukufanya nilivyosema? Si nilimtuma huyu akuambie uupandishe mpira, ati hewa ya huko ni nzito?”

Mwenzangu, kikombe cha chai mkononi, alinitazama, si kwa hasira, kama mtu anayesoma barua iliyochelewa sana. Kisha akaweka kikombe chini.

“Aliniambia, Baba,” akasema. “Ni mimi nilisahau.”

Baba akaguna, akasema wasichana hawasikii. Yeye akamwongezea chai. Nami nilikuwa pale pale, nimekaa katikati yao, na hata siku hiyo sikusema kitu.