Bwana Twende na Giaboksi

Mume wangu watu wanamwita Twende, na jina hilo hawakumpa kwa fitina. Hujafunga mlango wa lori, yeye keshasema "twende" na magurudumu yanazunguka. Mezani keshanawa, keshakula, keshauliza kwa nini sisi bado tunatafuna. Ule msemo wa haraka na baraka nadhani aliusikia nusu tu, ile nusu ya kwanza. Hata kugombana hajui: anakuudhi sasa hivi, na kabla hujamaliza kununa anakuchekea na kuomba chai.

Ameendesha malori tangu kabla hajanioa. Yale ya zamani, ya kukanyaga klachi na kubadili gia kwa mkono, aliyajua vizuri mno. Kisha kampuni ikamkabidhi lori jipya la otomatiki, linalojibadilishia gia lenyewe. Akarudi nyumbani anacheka. "Mama, hili hata wewe ungeliendesha." Nikamwambia basi alete funguo, yeye abaki apike.

Haukupita muda mrefu giaboksi ikafa. Aliyeifungua na kuijenga upya ni binti yetu, fundi wa kike wa kwanza katika karakana ile, na mimi nilivimba kichwa mtaa mzima. Lori likarudi barabarani. Mara giaboksi ikaanza tena kuteleza: injini inanguruma, gari haliendi. Ndipo Twende, mbele ya msimamizi wa karakana na mafundi wote, akasema, "Mkono wa huyu binti bado mchanga. Kazi hii ina wenyewe."

Ulimi hauna mfupa. Msimamizi akamwambia binti aijenge tena kwa mara ya mwisho, na ikiharibika tena akatafute kazi kwingine. Jioni Twende akaomba chai na kutania kama kawaida yake. Binti akamsalimia baba yake inavyopasa, akaishia hapo. Tangu siku hiyo kati yao ikabaki salamu tu, na mimi katikati, roho inaniuma.

"Mama, oili ya ile giaboksi inaungua," binti aliniambia tukiwa tunaanua nguo. "Kuna kitu dereva anafanya."

"Si umwambie baba yako?"

"Nilimwambia. Akaniuliza nilianza lini kuendesha."

Nguo zenyewe zilikuwa ovaroli za binti za karakana. Nazifua mimi, kwa hiyo nazijua. Siku zote zinanuka oili ya kawaida, lakini kila alipoifungua giaboksi ile zilinuka kama sufuria iliyosahauliwa motoni. Nilisugua mpaka vidole vikaniwaka na harufu haikutoka.

Binti akaijenga tena, lori likarudi barabarani. Basi siku moja Twende alikuwa anapeleka saruji upande anakokaa dada yangu, nikaomba lifti. Tulipitia kwanza ghalani kupakia. Akarudi nyuma kuelekea jukwaa la mizigo, akakosea kidogo, na lori likiwa bado linarudi nyuma akavuta gia ya mbele. Ngo! Mkoba wangu ukaruka kutoka mapajani. Akarudi tena nyuma, akavuta tena ya mbele kabla halijasimama. Ngo!

"Mzee, hili gari si lingesimama kwanza?"

"Gari kubwa lazima litikisike, Mama."

Tukapakia. Getini kulikuwa na foleni, tena kwenye mwinuko. Wenzake walikanyaga breki na kutulia. Twende wangu, kubwa zima, breki hataki. Analishikilia lori lisirudi nyuma kwa kukanyaga mafuta, linaenda hatua, linarudi hatua, linanguruma na mzigo wote ule mgongoni. Tulikaa hivyo kitambo. Halafu harufu ikapanda kutoka chini ya miguu yangu.

Nikamshika mkono. "Hii harufu naijua."

"Harufu gani?"

"Nimeifua, Mzee. Inakaa kwenye ovaroli za mwanao."

Akakanyaga breki. Lori likatulia, na yeye akakaa anautazama mkono wake uliokuwa juu ya gia kama mtu aliyekuta kitu cha mwenzake mfukoni. Sikumwonea huruma hata chembe, nilikuwa na hasira. Safari yote hakusema twende.

Kwa dada yangu sikushuka. Alipomaliza kushusha saruji tukarudi pamoja mpaka karakana. Akaliingiza lori nyuma kwenye nafasi yake, likasimama kabisa, akasubiri, kisha akaweka gia ya mbele kulinyoosha. Halikutikisika hata kidogo. Akazima injini, akaenda moja kwa moja kwa msimamizi, mafundi wote wapo, binti ameinama kwenye beseni anaosha vyuma.

"Giaboksi hii naiua mimi," akasema. "Nabadili gia gari halijasimama, nalishikilia mlimani kwa mafuta. Mkono niliousema mbele yenu si mbovu. Mbovu ni huu." Akauinua. "Ikifa tena, aondoke mwenye mkono huu."

Msimamizi akamwambia binti aache beseni, aende akaikague giaboksi yake.

Na Twende, kwa vile Mungu kamuumba hivyo, keshapiga makofi na kugeukia mlango. "Haya, yameisha, twende nyumbani."

"Baba," binti akasema. "Bado sijakujibu."

Akasimama. Nimeishi naye miaka yote hiyo na sijawahi kumwona akisimama namna ile, mikono imening'inia, hana pa kuiweka. Binti akafuta oili vidoleni, kidole kimoja kimoja, bila haraka. Hakuna aliyecheka. Baba yake akasubiri.

"Iliniuma sana," binti akasema. "Lakini nimekusikia."

Twende akaitikia kwa kichwa. Akatazama mlango, akamtazama binti, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nikalisikia lile neno lake likiwa swali.

"Twende?"