Niliwafungulia fezanti wangu mlango, jirani akamleta jike kama kitoweo cha mzazi

Wakuu, salamu kutoka Kitanga, Kasulu. Mvua imekata na mtandao leo umetulia, basi ngoja niwape kisa changu.

Sitii chumvi. Mke wangu yuko hapa pembeni anasoma kila ninachoandika, nikiongeza neno ananifinya.

Kwa wasiowajua, fezanti ni ndege wa ukoo mmoja na kuku na kwale. Dume ana mkia mrefu, shingo inang'aa kijani na uso mwekundu. Jike ni wa kahawia mwenye madoadoa. Ukimwona kwa mbali utaapa ni kwale wa porini.

Rafiki yangu wa Mwanza alinitumia watatu: dume mmoja na majike wawili. Jike mmoja alifika hoi, akafa.

Nikabaki na jozi moja. Yaani huyo jike akipotea, ufugaji umeishia hapo na dume anabaki pambo la ua.

Mimi ni seremala, kwa hiyo banda halikunisumbua. Nililiinua kwenye sehemu kavu, upande mmoja bati, upande mwingine juu nikatandaza wavu laini. Fezanti akishtuka anaruka wima, akikuta bati anapasua kichwa. Pembeni niliweka matawi na nyasi maana wanapenda kujificha.

Chakula ni pumba za mahindi, mchicha, unga wa dagaa na mchwa. Mchwa ndio ugonjwa wao.

Jike alikuwa ndio kwanza ameanza kutaga. Mayai ya mwanzo waliyadonoa wakayala, nikajifunza kuyaokota mapema. Na wakifungiwa, majike wengi hawaatamii, inabidi umtafutie kuku wa kienyeji wa kukaa juu ya mayai.

Sasa njooni kwenye kosa langu.

Huku kwetu kuku unamfungulia asubuhi, anazurura atakako, jioni anarudi mwenyewe. Nikaona hawa nao wameshazoea kwangu. Mke wangu, Evodia, alikuwa mjamzito, akanikataza kabisa.

Siku aliyorudi na mtoto kutoka hospitali nilikuwa na furaha ya kupitiliza. Mtoto wa kwanza, wakuu! Nikataka kila kiumbe pale nyumbani kifurahi. Nikafungua banda.

Walitembea taratibu mpaka kwenye nyasi, kisha wote wawili wakaruka.

Jioni dume alirudi, akalala juu ya banda. Jike hakurudi. Nilizunguka mashamba ya watu nikipiga mluzi mpaka wakaanza kuulizana kama mtoto amenichanganya.

Wiki ikapita. Majirani wakawa wanakuja kumwona mtoto, huyu na unga, yule na ndizi. Zawadi inakuja kwenye kikapu kilichofunikwa, na kikapu hakirudishwi kitupu.

Ndipo akaja Mzee Bukuru. Shamba lake la maharage liko chini ya nyumba yetu. Wazazi wake walitoka Burundi, yeye ni Mtanzania siku nyingi, na kwa kutega kwale hana mpinzani kijijini.

Akakaa, akamsifia mtoto, akasema amemletea mzazi kwale wa supu. Akafunua kikapu.

Jike wangu! Miguu imefungwa kwa kamba ya mgomba, ananikodolea macho.

Wakuu, nilitokwa na jasho. Nikisema ni wetu, nimemwaibisha mzee mbele ya akina mama waliojaa sebuleni. Nikinyamaza, ni supu. Shangazi yangu alikuwa ameshainuka kwenda kubandika maji.

Evodia akampa shangazi mtoto, akakipokea kikapu kwa mikono miwili.

"Asante sana, baba," akasema. "Ila huyu hachinjwi. Ni wa mtoto, atakua naye."

Huku mtoto kupewa kuku au mbuzi wake wa kufugwa ni jambo la kawaida, hakuna aliyeshangaa. Mzee alicheka, akashukuru. Shangazi akaketi. Mimi nikampeleka ndege bandani. Mke nimepata, jamani.

Kikapu tukakirudisha na sukari na sabuni, nikamsindikiza mzee. Njiani nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia yule ndege ni wangu, alinitoroka.

Hata hakusimama.

"Mwanangu, kwale nimewatega tangu utoto," akasema. "Kwale gani ananifuata miguuni nikipalilia?"

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema. Akanipeleka shambani kwake, akanionyesha mistari ya maharage yaliyokuwa ndio yanachipua. Yote imefukuliwa.

"Ningemleta huyo ndege pamoja na habari ya haya maharage, ingekuwa kesi," akasema. "Nyumba ina mtoto mchanga. Siwezi kuingia na kesi. Nikaona niingie na zawadi."

Nikamuuliza, je, angechinjwa? Akasema alikuwa ananitazama usoni, alijua nisingekubali maji yachemke.

Niliona aibu, halafu nikacheka mpaka machozi. Kesho yake asubuhi nilikuwa shambani kwake na jembe na mbegu, napanda upya. Yeye amekaa kwenye kigoda ananielekeza, na alifurahia sana ile kazi ya unyapara.

Nilichojifunza: fezanti si kuku, usimfungulie hata ukiwa na furaha kiasi gani. Na kabla ya kuhangaikia banda, angalia unaishi vipi na jirani, maana ndege akiruka anatua kwake.

Sasa hivi kuku wa kienyeji ameangua mayai, vifaranga vinakimbia kama panya. Wenye uzoefu wa kulea fezanti kwenye baridi kama hii yetu, nileteeni maujuzi. Na aliyeona nimekosea kwenye banda anikosoe, sinuni.

Jambo moja limenishinda. Mzee Bukuru anataka jozi yake, na amesema wazi kwamba atakuwa anawafungulia asubuhi. Nikamwambia watamaliza maharage yake.

Akasema, "Watakula ya kwako. Na wewe utaniletea kwenye kikapu."