Bibi Alipokubali Kumwagilia Mboga

Juzi nilishuka Kibiti kwenda kumsalimia mama yangu, na kabla sijavuka barabara, harufu ikanishika. Nyumba moja nyuma ya stendi, mtu alikuwa anapika majani ya kunde kwa karanga. Rafiki yangu, nilisimama pale na mkoba begani, vijana wa bodaboda wananiita, "Dada, twende!" na mimi nimefumba macho. Nikarudi moja kwa moja hadi mwaka ule nikiwa darasa la nne, mwaka ambao nusura Bibi yangu achukuliwe kwenda kukaa Dar es Salaam. Hii ni habari ya ushindi, nakuambia mapema. Nimejidai nayo tangu utotoni, na leo najidai tena, nivumilie.

Bibi huyu alikuwa mzaa mama. Alikuwa mtu wa bondeni, kazaliwa kwenye mashamba ya mpunga upande wa Utete, na utoto wake wote alilala kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo, akifukuza ndege mchana na nguruwe usiku. Alipofiwa na Babu, Mama akamleta kwetu Kibiti. Tulilala kitanda kimoja, mimi na yeye. Aliniita mke mwenzangu, kama mabibi wa kwetu wanavyowaita wajukuu wa kike, na nikimvuta shuka anasema, "Mke mwenzangu, mume katuachia shuka moja, tugawane kwa haki." Alinuka karafuu na moshi wa kuni. Mpaka leo sijapata usingizi mtamu kama ule.

Na alipenda kula, Bibi, hilo sifichi. Asubuhi chai yenye sukari mpaka kijiko kinazunguka kwa taabu, na maandazi ya moto. Mchana wali wa tui zito, na kamba wa pwani ya Salale kila Baba alipopata mtu wa kumletea. Tulikula siniani, sinia moja kubwa katikati ya mkeka, Mama, Bibi, mimi na wadogo zangu, kwa sababu Baba alishinda Ikwiriri kwenye biashara ya ufuta. Wali ulikaa katikati kama kilima, na kila mtu akachimba upande wake. Mchicha, ukiwepo, uliletwa kwenye kibakuli kidogo pembeni, mtu akitaka achovye, asipotaka basi.

Kisha Bibi akajikata mguu kwa jembe, kidonda kidogo tu, kikakataa kupona. Mama akampeleka zahanati, nami nikafuata. Nesi akampima, akatwambia ni sukari, na imepanda vibaya. Akampa dawa, akamwambia atembee kila siku, kisha akamuuliza, "Bibi, wali unakula kiasi gani?"

"Kiasi changu."

"Kiasi chako ni sahani ngapi?"

"Mwanangu, sisi tunakula siniani. Siniani nani anahesabu?"

Nesi alicheka, lakini jambo lenyewe hakulichekea. Alimwambia Mama apunguze wali, sukari na tui, azidishe mboga, na Bibi apewe sahani yake mwenyewe ili ijulikane anakula nini. Kuhusu mguu alisema wazi kwamba sukari isiposhuka, huenda usipone. Mtaani kwetu kulikuwa na mama mmoja aliyekatwa mguu kwa ugonjwa huohuo, na usiku ule nililala nimemkumbatia Bibi nikisikiliza anavyopumua.

Mjomba, mtoto wake wa kiume, akapiga simu kutoka Dar es Salaam. Alimpenda mama yake, tusimsingizie. Alisema kwake hospitali iko karibu, chumba kipo, na Idi ya kuchinja atakuja na gari kumchukua kama hali itakuwa bado hivyohivyo. Bibi akamrudishia Mama simu bila kuaga. "Nikakae ghorofani niwatazame watu chini wanapita kama siafu?" akasema. "Huko nitakufa kwa kukaa, si kwa sukari."

Hapo ndipo vita vilipoanza, na vita vya kwanza vilikuwa vya sahani. Mama alimpakulia Bibi peke yake kama nesi alivyosema. Loo! Kwetu sahani ya peke yako ni ya mgeni, au ya mgonjwa asiyeinuka. Bibi aliitazama, akaisogeza kwangu, akanyanyuka. Kesho yake vilevile. Hakugomba, na hilo ndilo lililotutisha.

Siku iliyofuata Mama alirudisha sahani kabatini, akaleta sinia. Lakini haikuwa sinia tuliyoijua. Katikati, pale pa wali, alikuwa ameweka kilima cha matembele na bamia, na wali ameugawa vijirundo kuzunguka ukingo, kila mtu kijirundo chake mbele yake, kama ngumi tu. Wadogo zangu wakaangua kilio. Bibi akatazama sinia, akamtazama Mama.

"Kama ni ugonjwa," Mama akasema, "tunaumwa wote. Bismillahi."

Bibi akanawa mkono akala. Mimi nilikuwa mtoto, lakini nililiona jicho lake lilivyolengwalengwa na machozi, na mpaka leo nikisikia watu wanasifu mapishi ya mama zao, nasema moyoni, nyie hamjamjua mama yangu.

Sasa kilima cha mboga kila siku kitatoka wapi? Sokoni mchicha ulifika umenyauka, na watu sita hawashibi kwa fungu moja. Bibi akapiga kifua: mboga niachieni mimi. Masika yalikuwa yanaisha, na kwa mtu wa bondeni huo ndio wakati wa mlau, kilimo cha maji yakishuka. Mto ukirudi kwenye njia yake unaacha tope jeusi, wewe unapanda, unakwenda zako. Tope lenyewe linainywesha mbegu mpaka unavuna. Ndivyo Bibi alivyofanya nyuma ya nyumba yetu. Alitoboa vishimo kwa kisigino, akadondosha mbegu, akafukia kwa vidole vya mguu ule mzima, mwendo wa ngoma kabisa, nasi tukamfuata nyuma tukimwigiza. Kunde, bamia, mchicha, maboga. Zikaota zote, tukashangilia.

Halafu mvua zikakata. Kibiti ni mchanga, rafiki yangu, si tope la Rufiji. Miche ikaanza kulala mchana, mwisho ikawa haiinuki tena kwa sababu imekauka. Nikachukua ndoo kwenda kumwagilia, Bibi akaninyang'anya. "Mboga inywe mto, mimi ninywe chai," alikuwa na msemo wake huo. Kwake yeye, kumwagilia shamba kwa ndoo ilikuwa aibu, kazi ya watu ambao Mungu hakuwapa mto.

Na watu hao walikuwa uzioni kwetu! Jirani yetu alikuwa Mmatumbi, mama wa makamo kutoka milima ya kusini, na yeye na Bibi walitaniana tangu alfajiri mpaka isha. Bustani yake ilikuwa kijani kibichi wakati yetu imekuwa rangi ya kahawia. Alisimama kwenye uzio wa makuti akapiga kigelegele. "Nyie watu wa mafuriko! Mnangoja mto upande mlima uje Kibiti?" Bibi akamjibu kwamba watu wa mlimani wanabeba maji kichwani kwa sababu hawana cha kubeba ndani yake. Tulicheka mpaka mbavu zikauma, lakini mboga zilikufa zote.

Zilipokufa, wali ukarudi siniani, polepole, bila mtu kuutangaza. Bibi alipokwenda kupimwa tena, nesi hakucheka. Sukari ilikuwa palepale, na kidonda kilikuwa bado kibichi. Mjomba akaambiwa, akasema basi, Idi nakuja na mama yangu narudi naye. Mama akatoa begi la Bibi chini ya kitanda akaanza kulipiga vumbi. Nililia mpaka nikapata kwikwi. Nilimwambia Bibi kama anakwenda, na mimi nakwenda, na shule basi.

Bibi alijifunga kanga, akatoka, mimi nyuma yake. Akazunguka uzio, akaingia kwa jirani, akasimama katikati ya ua.

"Nimekuja," akasema. "Nicheke, umalize, halafu unifundishe."

Na jirani alicheka, sikudanganyi. Alicheka akashika nguzo, akacheka akakaa chini, akamwita mumewe aje ashuhudie mwana wa mto anaomba maji mlimani. Bibi alingoja amesimama tu, mkono kiunoni. Jirani alipomaliza, alifuta machozi, akachukua jembe na kuja naye kwetu, wala jambo lile hakulitaja tena mpaka mboga zilipoota.

Alitufundisha kuchimba tuta la kuzama badala ya kuinuka. Chini tulipanga makumbi ya nazi, matumbo juu, yashike maji kama vikombe. Juu yake samadi ya mbuzi, kisha udongo, kisha majani makavu ya migomba. Maji yote ya nyumbani yakapewa njia: ya kuoshea mchele, ya kuoshea mboga, hata ya udhu yaliangukia bustanini. Kila jioni Bibi alibeba kopo lake, akitembea tuta hadi tuta, na huko ndiko kutembea alikoambiwa na nesi. Nilimsikia akizinong'oneza kunde, "Kunyweni basi, mmenishinda."

Zikanywa! Zikatambaa mpaka kwenye uzio. Mlenda, bamia, kunde, nyanya chungu, mchicha wa kukata leo na keshokutwa umerudi. Harufu ya mchaichai ikachukua nafasi ya sukari kwenye chai, kwanza kwa kununa, baadaye kwa mapenzi. Kilima cha mboga kikarudi katikati ya sinia, na wadogo zangu wakaacha kulia wakaanza kupigania bamia. Kidonda kikafunga. Bibi akawa anamwonyesha kila mgeni mguu wake, hata wageni wasiouliza.

Mjomba alifika siku moja kabla ya Idi, gari limeoshwa, kiti cha nyuma kimewekwa mto wa kuegemea. Alimpeleka Bibi zahanati mwenyewe, nami nikajipenyeza garini. Nesi akapima, akatazama, akapima tena. "Bibi, imeshuka vizuri sana. Unafanya nini?"

Bibi hakumtazama nesi. Alimtazama mwanawe. "Mwambie huyu, mimi sihitaji kuambiwa."

Siku ya Idi Mjomba alikula siniani nasi, jirani na mumewe wamealikwa, nyama kidogo, mboga tele. Akauliza mboga hizi zimetoka wapi. Bibi akasema zimetoka hapahapa ulipotaka kuning'oa. Jirani akapiga kigelegele kile cha uzioni, na safari hii Bibi akampokea. Jioni gari liliondoka na magunia mawili ya mboga, na kwenye kile kiti cha nyuma yamekaa maboga. Nilikimbia nyuma ya vumbi nikiruka na kupiga makofi kama tumechukua kombe.

Bustani ile haipo siku hizi. Mama amejenga pale vyumba vya kupangisha, jirani alirudi kwao milimani, na wapangaji wananunua mchicha barabarani wakiulalamikia. Makumbi bado yako chini ya ile sakafu, nadhani. Inaniuma, siwezi kusema hainiumi. Lakini Bibi alikaa nasi hadi mimi mwenyewe nikaolewa, akanitia hina kwa mikono yake, akacheza ngoma yangu kwa miguu yote miwili. Katika nyumba ile alitolewa mara moja tu, akiwa kwenye jeneza juu ya mabega ya mtaa mzima, na sikumwona mbebaji hata mmoja ambaye hakuwahi kula mboga zake.