Siagi ya Ng'ombe Ndani ya Kompyuta ya Kalembe

Saa mbili asubuhi. Régine Kasoki anafuta meza kwa kitambaa chenye unyevu, kisha anaunganisha nyaya mbili kwenye betri ya gari. Kompyuta inaguna. Anakunja mikono na kuitazama skrini.

"Zamani nilikuwa namaliza rozari nzima mbele ifunguke," anasema. "Sasa sifikishi hata Salamu Maria tatu."

Kasoki, mwenye miaka 46, ana sekretaria: chumba cha mbao kando ya soko la Kalembe, pale Masisi inapopakana na Walikale, mashariki mwa Kongo. Watu humletea barua za kuomba kazi, matangazo ya misiba na orodha za shule awachapie. Alitoka Butembo miaka tisa iliyopita na kompyuta ya mezani ambayo hata wakati huo haikuwa mpya.

Umeme wa mji haupo. Paneli ya jua iliyo juu ya bati huchaji betri siku nzima ili kesho yake apate saa tatu za kazi.

Mwanzoni mwa mwaka huu wa 2013, saa hizo tatu hazikutosha tena. Familia zilizokimbia mapigano upande wa Buleusa ziliingia Kalembe, na kati yao wanafunzi 61 wa darasa la mwisho waliofika bila karatasi hata moja. Mkuu wa shule, Théoneste Rukundo, alimletea Kasoki majina na picha zao. Alitaka mafaili yao yote yachapwe upya, yaondoke Ijumaa ya wiki iliyofuata. Mwanafunzi ambaye faili lake lingekosekana asingefanya mtihani wa serikali.

"Nilikuwa nafungua picha moja, mashine inalala," anasema Kasoki. "Ikiamuka, betri nayo imechoka. Siku nzima, mafaili mbili ao tatu."

Kompyuta nyingine ingegharimu dola 300. Yeye alikuwa na 25. Akaamua kubadilisha prosesa tu, kile kipande kidogo kinachofanya hesabu zote za mashine.

Alifungua sanduku la kompyuta, akanakili namba zilizoandikwa ndani kwenye kipande cha katoni ya sabuni, akampa Papa Valentin, mfanyabiashara wa Butembo anayeendesha lori kati ya Kalembe na Goma. Alimwagiza mambo mawili: prosesa iingie kwenye nafasi ile ile, na isile umeme zaidi ya ile ya zamani.

Valentin alipata iliyotumika kwa dola 18. Alinunua pia kitubu kidogo, kama cha dawa ya meno, chenye dawa nyeupe inayopakwa kati ya prosesa na kipoozaji chake ili joto lipite. Vyote akavificha katika pakiti ya majani ya chai.

"Ku bariere ya njiani, wale wenye bunduki walifungua pakiti," anasimulia Valentin. "Mumoja akashika prosesa, akasema, hii ni bati ya nini? Akanirudishia bati. Chai akabeba, na dawa ikaenda na chai."

Jumatatu, siku nne kabla ya Ijumaa ile, Kasoki alikuwa na prosesa bila dawa. Jirani yake, Mama Mukamurenzi, muuza maziwa ambaye kila asubuhi humwekea kikombe dirishani, alimwona ameshika tama, akaelezwa kisa.

"Dawa yenyewe inafananaka nini?" aliuliza.

"Inakuwaka nyeupe, inateleza."

Mukamurenzi akaenda nyumbani, akarudi na siagi ya ng'ombe kwenye jani la mgomba.

"Nilizani mafuta njo mafuta," anasema Kasoki, akicheka taratibu.

Alipaka, akafunga, akawasha. Mashine ilikimbia kuliko alivyowahi kuiona. Baada ya dakika ishirini chumba kilinuka chapati, na mteja mmoja akauliza kama leo kuna chakula. Kisha skrini ikazimika. Alijaribu tena, ikazimika tena. Mafaili 14 tu ndiyo yalikuwa tayari.

"Kama ni ng'ombe yangu njo imekuulia mashine, nitailipa," Mukamurenzi alimwambia.

"Wacha, mama. Ng'ombe yako haikusoma informatike. Mimi nilisoma."

Jumanne alikwenda kwa Athanase, fundi wa redio. Athanase alisikiliza mpaka mwisho bila kucheka. Kisha alishusha amplifaya mbovu ya kwaya ya kanisa, mashine ya kukuza sauti aliyoitunza mwaka mzima akisubiri vipuri, akaifungua. Chini ya vipande vyake vinavyopata joto kulikuwa na dawa ile ile, bado laini. Akaikwangua kwa wembe na kuiweka kwenye kifuniko cha chupa.

"Na kwaya?" Kasoki aliuliza.

"Mwaka muzima banaimba bila amplifaya. Mungu anabasikia."

Walisafisha siagi kwa pamba na kanyanga, pombe kali ya kienyeji, wakapaka dawa na kufunga. Safari hii mashine haikuzimika. Jumatano yalitoka mafaili 22. Alhamisi, betri ikikaribia kuisha, likatoka la 61, la Consolée Muhawenimana, aliyefika Kalembe wa mwisho na ambaye siku zote hizo alisimama mlangoni akisubiri.

"Alisema tu aksanti, mama," anakumbuka Kasoki. "Nilipotoka, nikakuta amefagia kiwanja changu chote."

Ijumaa mafaili yaliondoka na lori la Valentin.

Leo Kasoki ana agizo jingine kwa safari ijayo: vitubu viwili vya dawa. Kimoja atakiweka akiba. Cha pili ni cha amplifaya, ambayo ameahidi kuchangia vipuri vyake kadiri atakavyopata, ili isikike tena kanisani kabla ya Noeli.

Valentin anauliza avifiche wapi mara hii.

"Mu soksi yako," anajibu Kasoki. "Na ubebe chai pia. Uiweke juu, wale wa bariere baione mbele."